Dawa Tatu, Kopo Moja

Bariadi,
Jumanne, 11 Machi 2025

Kaka yangu Mashimba,

Mwangaluka. Simu zangu hupokei tangu mwezi uliopita, na ujumbe nikituma hauendi, basi salamu hii naipitisha mkononi mwa katekista Selestini, kwa sababu yeye najua huwezi kumfungia mlango. Umeamkaje huko Mwandoya? Wifi Kwandu anaendeleaje? Nimesikia bado hali chakula vizuri na kwamba nguo za marehemu Precious hajakubali zigawiwe. Mpe pole zangu, umwambie sijamsahau hata siku moja. Ng'ombe wanapata maji? Huku kwetu mvua imenyesha mara mbili tu, watu wanaitazama pamba wanatikisa kichwa. Mimi na wanangu ni wazima, isipokuwa nina shida ya macho ambayo nitakueleza huko mbele.

Nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea. Wewe una hasira za baba, unachana kwanza ndipo unauliza. Barua hii isome mpaka jina langu, halafu uifanye unavyotaka.

Mayu, mama yetu, ambaye siku hizi unamwita "yule bibi", yuko hapa kwangu kwenye chumba cha nyuma ya duka. Ana wiki tatu sasa. Nimempeleka kwa daktari wa macho mara mbili. Amesema kope zimeungua na jicho la kushoto lina kidonda, na moshi wa mabua ya pamba anayopikia ukaongezea. Amempa matone. La kulia linapata nafuu, la kushoto daktari hakuahidi kitu. Unamjua mayu hawezi kukaa bure, kutwa yuko mlangoni anachambua mchele wangu kwa kupapasa, na vijiwe anavyoviacha tunavitafuna tumenyamaza. Pikipiki ikisimama nje anauliza kama ni wewe.

Baba mdogo Bundala amenipigia. Jumamosi hii ukoo unakaa pale nyumbani, na amenieleza bila kuficha. Ukisema wewe, mtoto wa kwanza, kwamba mayu arudi, atarudi, na hakuna kijana atakayeokota jiwe. Ukinyamaza, nyumba yake inabomolewa, shamba linagawanywa, na yeye hatakanyaga tena pale alipolala baba. Ana miaka sabini na moja, Mashimba. Atakwenda wapi? Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Inabidi nianzie mbali kidogo. Unamkumbuka bibi Nyanjige, jirani yetu, yule aliyekuwa akitupa karanga tukitoka shule. Miaka mitatu iliyopita walimkata panga wakimwita mchawi, akiwa uani kwake anapepeta mtama. Mayu ndiye aliyemwosha. Hakutusimulia chochote, nasi hatukumuuliza, tukachangia sanda tukarudi kwenye shughuli zetu.

Basi Novemba mwaka jana mayu alikuja dukani kwangu. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akavua kilemba, akaniambia nimtoe mikunjo ya uso. Nilicheka, kaka. Nikamtania, nikamuuliza huyo mchumba ni wa Bariadi au wa Nyashimo. Yeye hakucheka. Alisema siku ile anamwosha Nyanjige aliutazama ule uso akitafuta kosa lake, na kosa hakuliona, aliona uzee tu. Akasema watoto wa kijijini wameanza kumkimbia akipita. Uzuri hautaki, alisema, anataka tu miaka kumi impungue usoni, watu wamsahau.

Mtu mwenye akili angelia pale. Mimi nikajiona fundi.

Wewe vipodozi unaviona upuuzi, kwa hiyo nitakueleza polepole. Mwaka juzi nilikwenda Mwanza kwenye semina ya wauza vipodozi, na daftari lake ninalo hadi leo. Dada aliyetufundisha alisema hizi dawa za kurudisha ujana zina nguvu kweli na hazitaki fujo. Unaanza na moja. Unaijaribu nyuma ya sikio siku mbili tatu uone kama ngozi inaikubali, na nyingine huongezi mpaka wiki kadhaa zimepita. Retinol, ile ya kuondoa mikunjo, ni ya jioni, kiasi cha punje ya choroko kwa uso mzima, mara mbili kwa wiki basi. Asidi ya kubandua ngozi iliyokufa nayo ina jioni yake, isikutane na retinol. Vitamini C ni ya asubuhi. Zote zikae mbali na kope, na anayetumia apake losheni ya kuzuia jua kila siku ya Mungu, la sivyo anajichoma mwenyewe. Haya nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Wateja wangu wa mjini nawasomea neno kwa neno, tena kwa madaha.

Mayu nilimpa retinol peke yake, na hapo nilifanya vizuri. Baada ya wiki mbili akarudi analalamika kwamba mikunjo iko palepale, na kwamba watoto wa jirani wameanza kumwimbia nyimbo za wachawi. Nilitakiwa nimwambie dawa hii ni ya miezi, avute subira. Lakini duka lilikuwa limejaa. Mama Domitila, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa amesimama na orodha ya mafuta ya wenzake wote, nami nilitaka kumuwahi. Mayu hajui kusoma. Nikawaza kwamba nikimpa chupa tatu zinazofanana atazikosea siku zake. Basi nikamrahisishia. Nikachukua kopo tupu la mafuta ya mgando, nikamimina retinol, asidi na vitamini C humo humo, nikakoroga kwa mpini wa kijiko, nikamwambia apake. Losheni ya jua sikumpa. Nilijisemea, mwanamke wa jembe na losheni ya jua wapi na wapi. Na alikuwa anaingia kwenye palizi la pamba, kutwa nzima juani!

Kisha nikamwambia asimtajie mtu yeyote kwamba dawa imetoka kwangu. Nilisingizia kwamba watamcheka, bibi mzima anajipodoa. Ukweli ni kwamba moyoni nilijua kopo lile si la kumwonyesha mtu. Mayu akaniapia kwa jina la baba, akalifunga ndani ya khanga yake, akaondoka amefurahi.

Alipaka asubuhi na jioni, mpaka juu ya kope, maana huko ndiko mikunjo ilikojaa. Wiki moja kabla ya Krismasi alinipigia kwa simu ya jirani. Uso unawaka, alisema, ngozi inabanduka, macho yanachuruzika machozi hata hajalia. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia ndiyo dawa inafanya kazi hiyo, avumilie. Wauza vipodozi wote tunasema hivyo. Akaniitikia, akavumilia.

Krismasi mkampelekea mtoto wenu Precious. Alikula michembe, vile viazi vikavu, na karanga kwa bibi yake, akacheza, akalala kifuani pake. Januari homa ikamshika. Daktari alikuambia mbele yangu kwamba ni malaria iliyopanda kichwani, nami ndiye niliyekuwa nimemshika wifi asianguke. Sikulaumu kwa kulia, Mashimba. Mtoto wako alikuwa mtoto wangu, na mpaka leo viatu vyake vya kanisani viko kwangu. Lakini ulitoka makaburini ukaenda kwa mganga, naye akakuambia utafute mwanamke wa ukoo wako mwenye macho mekundu, aliyemlisha mtoto. Jina hakukutajia, na wala hukulihitaji.

Sasa nakuja kwenye neno lililonifanya niandike, na nakuomba unisamehe mwandiko.

Siku ile ya kikao cha Februari pale nyumbani, wewe ulisimama karibu na zizi. Baba mdogo Bundala alikuwa kwenye kiti chake. Mayu alikaa chini peke yake, na wanawake tulikaa upande wa ghala. Ulimuuliza mbele ya watu wote macho yake yamekuwa vile tangu lini. Akajibu, tangu Krismasi. Ukasema, ndiyo, tangu Precious alipokula kwako. Watu wakaguna. Ukamuuliza mara ya pili ni kitu gani kimeyala macho yake.

Hapo mayu aligeuza shingo akanitazama. Sijui kama wewe uliona. Hakunitazama kwa kunishitaki, alinitazama kama anayeomba ruhusa. Alikuwa anangoja nimtikisie kichwa tu, akutajie lile kopo. Nami nilikuwa na maneno yote mdomoni. Lakini pembeni yangu alikaa mama Domitila, aliyenisindikiza kutoka mjini, na nyuma yake wanawake wanane tisa ambao wote wananunua kwangu. Nikaona duka langu limefungwa. Nikaona wananitemea mate kwamba nimemuunguza mama yangu mzazi. Nikainamisha macho, nikaanza kukunja pindo la khanga yangu.

Mayu akaona nimeinama. Halafu akakugeukia akakuambia ni uzee tu, mwanangu.

Uzee, Mashimba! Neno alilokuwa analikimbia tangu Novemba ndilo alilojifunika nalo, ili mimi nisiaibike. Wewe ukatema chini ukaondoka. Jioni ile mawe yakaanza juu ya bati, na alfajiri Selestini akamleta hapa kwa pikipiki, hana hata ndala. Uliambiwa kwamba amekimbia kwa sababu ana hatia. Mwenye hatia alikuwa amerudi mjini na usafiri wa mama Domitila, akiulizwa njiani kama mafuta ya nazi yameingia.

Juzi juzi nilimuuliza kwa nini hakusema. Alinijibu kwa ukali, kana kwamba swali lenyewe ni la kijinga, kwamba mimi ndiye nilimwambia asiseme. Kisha akaongeza kwamba yeye amekwisha kula miaka yake, ila duka likifa wanangu watakula nini. Baada ya hapo akaniagiza nikaangalie maharage yasiungue.

Mimi si mtu wa kuomba msamaha vizuri, wewe unanijua, ukinibana natafuta cha kujitetea. Safari hii sina. Nilijua kanuni zote, zilikuwa kwenye daftari. Nilijua pia kilichomuunguza mayu, na nilikuona wewe, mwanawe, ukimwita mchawi mbele yangu nikanyamaza. Mama Domitila nimekwisha kumwambia. Alininyang'anya mkono aliokuwa amenipa, na tangu Jumapili hakuna mwanakwaya aliyeingia dukani. Sawa tu.

Najua utakachosema. Utasema Minza anamtetea mama yake, ametunga. Kwa hiyo lile kopo, ambalo mayu alikuja nalo amelifunga kiunoni, sikulitupa. Lilikuwa limebaki robo. Leo ni siku ya tisa ninapaka, asubuhi na jioni, mpaka kwenye kope, halafu nasimama juani uani kama mtu anayepalilia. Siku ya nne uso ulianza kubanduka. Sasa macho yangu ni mekundu kama yake, yanachuruzika, na ukiona mistari ya barua hii imepinda usidhani nimelewa. Mayu haoni vizuri, nilidhani hatajua. Jana alinishika shavu akapapasa magamba, akaelewa papo hapo. Alinifokea kama mtoto, akaniamuru nikanawe, akasema mimi bado nina wa kulea. Nimemkatalia. Nitanawa Jumamosi jioni.

Jumamosi nitakuja naye. Tutasimama pale kwenye zizi wawili, macho manne mekundu, na kopo nitakuwa nalo mkononi. Mimi Precious sikumlisha. Krismasi nilikuwa hapa Bariadi nauza mpaka jioni, na ulinipigia mwenyewe kunitakia heri, unakumbuka. Wewe ndiye mtoto wa kwanza, basi utawaeleza watu haya macho yangu nimeyatoa kwa nani. Na kama kuna atakayeokota jiwe kwa ajili ya macho mekundu, aanze na yangu, maana ndiyo yaliyoona yakanyamaza.

Nimemaliza, kaka. Baba mdogo anakusalimu, na wapwa zako wawili hapa kwangu wanauliza lini utawapeleka kwenye ng'ombe. Msalimie sana wifi Kwandu. Umwambie viatu nitamletea, au nitaendelea kuvitunza, atakavyopenda yeye.

Mayu naye anakusalimu. Anauliza kama unakula. Leo asubuhi alifunga michembe kwenye kitambaa ili Selestini akuletee, kama alivyozoea, akakaa nayo mapajani muda mrefu, halafu akaifungua mwenyewe akairudisha debeni.

Ni mimi mdogo wako,
Minza