Baba-mukwe hasalimiwe toka mu bwato

Mama Talitha, mushauri wetu ya radio, minyi niko naandika na roho ya kuumia, naomba unisaidie kabla kanisa yote ijue, juu minyi niko muntu ya heshima, niko secrétaire mu bureau moja hapa Kamina, niko naimba mu chorale ya Baméthodiste, na jambo yenye ilinifikia haikufaa kufikia muntu ya masomo. Mu congé, likizo ya kazi, nilimupeleka bibi yangu ya ndoa, Kabange, ku île moja, kisiwa ya private mu ziwa Kisale, fasi ya nature, bungalow ya majani, ndege, kimya, réseau ya simu unaipata tu ukisimama juu ya kiti, na minyi nilifurahi sana, lakini Kabange alilala pa kitanda anaangalia majani ya juu, akasema yeye alizaliwa mu nyumba sawa hii, sasa ya mpya iko wapi, nikamujibu ya kwamba hajue kupumzika.

Kesho yake guide alitupakiza mu bwato na bageni bengine, twende kuona bavuvi, na kijiji yenye tulifikia, Mama, njo kijiji ya bakwe yangu, nilijua iko karibu lakini haikukuwa mu programme, tena sikukuwa na kitu mu mukono, na weye unajua mukwe hafike mikono mitupu, basi nikaona heshima ni kubakia mu bwato. Baba-mukwe Mwepu alikuwa anashona wavu pembeni ya maji, bageni banapiga photo, minyi pia nikapiga, kisha nikamupungia mukono na kicheko kidogo, na Kabange alikuwa amekwisha kupiga magoti mu bwato kumusalimia baba yake, ananiambia tushuke, nikamwambia atulie, atachafua bilatu ya miguu, na yeye akaruka mu maji, akaenda kwa baba yake, hajarudia mpaka leo. Minyi nilirudia ku île nikakula chakula ya bantu babili, juu ilikuwa imelipwa.

Sasa batoto banakula bukari, ugali ya kuungua, banauliza mama iko wapi. Nilituma bantu kwa bakwe, muzee akabajibu: "Ule muntu ya photo, simujue." Na ile photo niliitia tu mu statut ya WhatsApp, niliandika "Muvuvi ya kienyeji", bantu mingi balipenda. Nifanye nini bibi arudie, bila minyi kwenda kule? Na unisaidie kumufundisha kupumzika.

Manassé, Kamina

Manassé, barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikasikia haya mu fasi yako, juu weye haya uliiacha ku île.

Batoto nabahurumia. Na weye pia kidogo, juu kutaka kupumzika na bibi si zambi, mabwana mingi hapa banapumzikia ku nganda peke yabo, na pombe yabo. Lakini masomo yako ni ya namna gani? Ulilipa bantu bakuonyeshe nyumba ya majani na muvuvi, na bile bitu byote bakwe yako bangekupatia bure, na bukari juu yake, na kukuita kwa jina.

Unasema haukukuwa na kitu mu mukono. Simu haikukuwa mu mukono? Mukwe mwenye kufika bila kitu, banamusema jioni moja, inaisha. Mwenye kupita anacheka na kupiga photo, ule banamufuta. Muzee hakukutukana, alisema kweli: muntu mwenye alimupatia binti yake angeshuka.

Habari ya kumufundisha Kabange kupumzika, acha. Iko anapumzika sasa, kwabo.

Ile photo uifute leo. Usitume tena muntu, hata pasteri. Tafuta mbuzi, tafuta kitenge ya mama-mukwe, enda weye mwenyewe, mu bwato ya bavuvi, ukae pamoja na kuku za bantu, simu ibakie nyumbani. Bakikuacha inje, kaa inje. Bakikulaza mu nyumba ya majani, lala, na asubui usiulize chai ya petit déjeuner.

Na ukimuona muzee pembeni ya maji na wavu yake, usipunge mukono. Shuka mu maji na bilatu yako, pale pale Kabange alishukia.