Picha za Baba Ukutani kwa Akiru

Lodwar, Jumamosi jioni

Aliniambia anazitaka wiki moja tu, azitazame. Akiru, rafiki ambaye ningemwachia hata watoto wangu.

Leo nimefika saluni yake Kakuma nikakuta picha alizokusanya marehemu baba, za nyota wa zamani wa Hollywood, zimebandikwa ukutani kwa gundi. Kila uso umeandikwa namba kwa kalamu nyekundu, ili wateja wachague mtindo wa nywele.

Hata ile aliyoipenda baba kuliko zote: mwigizaji amevua viatu nyuma ya kamera, amechoka, anakula mkate. Baba alikuwa akisema, "Hapa haigizi." Sasa ni namba saba.

Akiru alinivutia kiti, akatabasamu, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, dada. Keti. Unataka namba gani?"