Nilimpunguzia Mume Wangu Mchanga

Mpendwa Bi Hamida,

Shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikemee, maana najua utanikemea, na mimi mwenyewe nimeshajikemea mpaka nimechoka.

Ninaishi Miyuji hapa Dodoma, watoto wetu wawili wameshakuwa watu wazima, na mume wangu, tumwite Baba Salwa, ana miaka hamsini na sita. Tulipooana alikuwa anasambaza mikate kwa baiskeli, anaichukua bekari ya mtaa wa Kikuyu na kuipeleka mpaka Zuzu, na kila alfajiri mimi ndiye niliyekuwa namfungia mzigo, yeye anashika usukani, mimi nyuma nafunga kwenye keria kwa mpira wa tairi, nikipiga kofi kiti anajua tayari, anaondoka bila kugeuka, na miaka yote hiyo hajawahi hata siku moja kukagua fundo langu.

Mwaka jana aliugua, kifua kwanza halafu moyo, wiki saba kitandani, mtu niliyemzoea akipanda baiskeli na mikate mia nikawa namshika mkono kumpeleka chooni, na siku moja palepale mlangoni mwa choo akaniambia, "Mama Salwa, nikipona, hii miguu nitaipandisha mlima." Nilicheka ili nisilie. Akapona, alhamdulillahi, daktari akasema mazoezi ruksa lakini polepole, basi yeye huyo akaenda kujiandikisha kwenye mbio za baiskeli za barabara ya Kondoa, zile zenye milima, akachagua njia fupi ya kilomita arobaini. Vijana wa baiskeli wakamwambia, mzee, vilima vya hapa mjini ukivianza vimekwisha, kama huna mlima wa kufanyia mazoezi beba mzigo. Akaitoa baiskeli yake ya mikate, akashona mifuko miwili, kila mmoja kilo kumi na tano za mchanga, na mimi kama zamani nikawa nafunga alfajiri na kufungua akirudi.

Bi Hamida, siku ya tatu alirudi anahema, midomo imekauka, nikaingiwa na hofu. Kesho yake nikachota mchanga vikombe viwili vitatu, nikajazia pumba za mahindi. Kesho yake tena, na tena, mpaka mifuko ikabaki minene vilevile lakini ndani pumba tupu, mchanga juujuu tu kwa ajili ya macho, naye kila siku anarudi mapema kuliko jana, anasema, "Mke wangu, miguu imerudi!" anakula ugali wa uwele na mlenda mpaka anaongeza, nami nikajiona mke mwerevu kweli.

Ijumaa iliyopita akatoka msikitini akapitia kwa waandaaji, akarudi na namba mpya. Amehama njia fupi! Sasa yumo njia ndefu, kilomita mia na kumi, yenye mlima ambao hata vijana wanashuka na kusukuma, na mtaa mzima ameshautangazia. Nikaona nirekebishe haraka, Jumatatu nikarudisha mchanga wote kwa mkupuo, nikafunga, nikapiga kofi kiti, akaondoka. Alirudi jua limeshakuwa kali, anaikokota baiskeli. Akakaa kizingitini, viatu hakuvua, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Salwa, ugonjwa umerudi. Watoto usiwaambie."

Nikaingia jikoni. Nikamletea uji. Kesho yake nikarudisha pumba, akaenda akarudi mapema, lakini sasa kila jioni namwona anaweka mkono kifuani, anasikiliza, akidhani simuoni.

Mbio zimebaki wiki tatu. Niongeze mchanga kidogo kidogo asijue, au nimfichie namba, au nijifanye mgonjwa siku yenyewe asiende? Nikimwambia ukweli naogopa nitamvunja, mtu ambaye miaka thelathini na moja ananiamini nyuma yake bila kugeuka.

Ni mimi,
Mama Salwa, Miyuji.

Mama Salwa, marahaba.

Kwenye pumba nilicheka, sikufichi. Nilipofika pale kizingitini nikaiweka barua mezani, nikaenda kunywa maji kwanza.

Umesema nikukemee, basi pokea. Daktari alisema polepole, hakusema pumba. Kama mzigo ulikuwa mzito ungemwambia, "Baba Salwa, punguza," mkabishana kama mtu na mke wake, yakaisha. Wewe ukaamua peke yako kwamba mwili wake ni wa kwako kuupimia. Matokeo yake kwanza umemdanganya kwamba ana nguvu asizo nazo, halafu siku moja ya Jumatatu ukamdanganya kwamba anakufa. Hilo la pili ndilo lililoniuma.

Zile njia zako tatu nazitupa zote. Ukimwongezea mchanga kidogo kidogo, kila siku ataona amechoka kuliko jana, na kila siku atajiandaa kuaga. Ukificha namba, atapewa nyingine. Kujifanya mgonjwa ndiyo kabisa usithubutu, nyumba hiyo imeshaugua vya kutosha.

Unaogopa utamvunja. Mama, mwenzio ameshavunjika na anakuficha. Yeye anaibeba hofu yake peke yake ili usihangaike, nawe unazibeba pumba zako peke yako ili asichoke. Nawahurumia wote wawili, ila wa kuanza kusema ni wewe.

Hivyo leo hii, jua lisizame, mwite uani mkiwa wawili tu. Neno la kwanza kutoka kinywani mwako liwe, "Ugonjwa haujarudi, ni mimi." Kisha imwage mifuko yote miwili chini aone mwenyewe. Akikasirika, mwache akasirike. Usikimbilie kulia ili akuonee huruma, ujanja umeshatosha. Akikaa siku mbili hasemi nawe, pika, mwekee chakula, subiri. Na kuanzia sasa mzigo afunge mwenyewe mpaka atakapokuomba tena.

Wiki hiihii nendeni kwa daktari, na hakuna baiskeli kabla ya hapo. Uingie naye ndani, usibaki kwenye benchi la nje. Mkono ule kifuani huenda ni woga tu uliompandikiza wewe, lakini atakayesema hivyo ni daktari, siyo mimi wala wewe. Akiruhusiwa, arudi kwa waandaaji aombe njia yake fupi. Wiki tatu hazimtoshi mtu aliyetoka kitandani mwaka jana kwenda kilomita mia na kumi, na akibisha mwambie Bi Hamida ndiye kasema, aninunie mimi. Mifuko aiache. Upepo wa Dodoma mnaujua, asubuhi auelekee usoni taratibu, akichoka ageuze, utamsukuma mpaka nyumbani. Siku ya mbio, pakiwa pagumu ashuke asukume. Hakuna atakayemcheka ila mjinga.

Kuna kitu kimoja hukuniuliza. Barua nzima umenieleza mimi, mtu usiyenijua hata sura, jinsi ulivyoogopa. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia yeye, sikupaona. Pale uani lazima atakuuliza kwa nini ulifanya hivyo. Usimtajie kilo, usimtajie mlima. Mwambie uliogopa kufiwa naye, na kwamba mpaka leo unaogopa.