Kovu Upande wa Kweli

Papa Kalenga,

Tangu tukuzike, kioo chako bado kiko ukutani kwenye karakana, nami bado nalainisha mawe ya chokaa ya kuchapia picha, yale tuliyotoa machimbo ya Kakontwe. Lakini nina neno moyoni, na sitalizungusha.

Jumamosi mdogo wako Mukalay alileta jiwe limefungwa kitenge. Alisema amelikuta chini ya kitanda chako. Nikalilowesha, nikapitisha wino, nikabana karatasi. Ukatoka wewe, Papa, na kovu juu ya jicho la kushoto, palepale lilipokuwa.

Nikamshuku Mukalay hapo hapo. Wewe ulichora watu moja kwa moja juu ya jiwe, na karatasi ikageuza kila kitu. Hakuna uso hata mmoja uliouchora hapa Likasi uliotoka upande wake. Wateja wakilalamika, uliwacheka: "Mujiangalie mu kioo, ndiyo mutajiona!" Sasa hili kovu lililokaa sawa limetoka wapi? Nikasema Mukalay ametafuta mtu wa kunakili picha yako ya simu, akaigeuza kwanza, ili auze jina lako. Nikamwambia usoni. Akaumia: "Miye? Weye unanisingizia bure." Sikumwamini.

Jana nikaitazama tena ile mistari. Wa taya umebonyezwa, umekatika, umerudi, kama mkono uliosubiri kikohozi kipite. Kivuli chini ya macho hukukisugua kwa kitambaa kama ulivyofanya kuwapendezesha wateja. Umekiacha kizito, na chembe zake zote. Nikainua macho, nikakutana na kioo. Kioo kiligeuza uso wako, jiwe likaugeuza tena. Ulijichora mwenyewe.

Basi sasa ninayemshuku ni wewe. Tulipokuuliza habari ya kikohozi ulijibu, "Ni vumbi ya Kakontwe tu, itapita." Mtu haweki kivuli kama kile bila kujua hali yake. Ulikaa mbele ya kioo ukaona, ukachora, ukaficha jiwe, kisha ukaja kunifundisha huku unaimba. Nimekasirika, Papa. Ungeniambia, ningekaa nawe.

Mukalay nimemwomba msamaha, bado amenuna. Anataka nipunguze ule weusi chini ya macho, mama wa nyumba yako asishtuke. Sitaugusa.

Pumzika, Papa. Nitakuchapa vile ulivyojiona. Na kuanzia leo, mtu akiniambia ni vumbi tu, nitamtazama kwanza chini ya macho.

Mutoto wako wa kazi,
Bijou