Vijiti Vimechipua

Alhamisi, baada ya chakula

Vimechipua. Vile vijiti vya umuyenzi, mti wetu wa mipaka, ambavyo watu tusiowajua walivichomeka katikati ya shamba letu la mpunga hapa Buterere, leo nimevikuta na majani.

Siku ile nilitaka kuving'oa. Bwana yangu akanizuia: "Wacha, Mama Rehema. We unaogopa vijiti? Jua itavikausha." Nikamsikiliza. Sasa vimeshika mizizi, na hapa kwetu mpaka ukishachipua hakuna anayeugusa. Tutabaki na upande wa chini, ule unaozama kila mvua kubwa.

Kinachoniudhi ni kwamba jua liliwaka kweli. Tangu tuvune haijanyesha, shamba lote limepasuka. Nikainama, nikashika udongo chini ya kijiti kimoja, kisha cha pili. Umelowa. Kuna mtu anavimwagilia.

Niliporudi nilitaka kumwambia bwana yangu, lakini...

Ndoo yetu iko nyuma ya mlango, ina tope bichi. Mimi sijaigusa leo. Na tangu Rehema aolewe kule Musaga, humu ndani tuko wawili tu.