Stefano Asijue

Kambi ya Shimo la Tatu,
Nyota Nyekundu.

Dada yangu mpenzi, Mama Stefano,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka mahali ambako hata jogoo wa kuniambia kumekucha hayupo. U hali gani? Mgongo ule unaokusumbua ukipanda na mtungi kutoka bondeni, umepoa? Mikorosho ya Chilangala imeshika maua? Mimi mwili ni mzima, ila kikohozi cha vumbi hakinibanduki.

Kwanza namwomba Mwalimu anayekusomea. Mwalimu, shikamoo. Kama Stefano yupo hapo barazani, mtafutie kazi ya kumpeleka mbali, ndipo uendelee.

Dada, unakumbuka tulivyoandikishwa pale Masasi. Tulidhani ni manamba kama wale wa mkonge: mtu anafanya kazi, muda ukiisha anarudi na blanketi na baiskeli. Kumbe tukapakiwa kwenye chombo kikapaa, mpaka dunia yetu ikabaki punje ya mtama. Huku jua ni dogo kama senti kumi. Tunachimba jiwe la buluu. Palikuwa na mlima, Kampuni imeula wote, sasa ni shimo, na visima vya wenyeji vimekauka. Maji tunapimiwa kikombe kimoja kutwa. Wenzangu wa pwani wanalia, nami nawaambia njooni Newala mjifunze kiu.

Naam, wenyeji wapo. Ni wafupi, ngozi ya kijivu, vidole sita, lakini ni watu, Dada, watu kabisa, ingawa nyapara anatukataza kuwaita hivyo. Bibi kizee mmoja hushinda mdomoni mwa shimo na kokoto saba mkononi. Anazipanga chini, ananyooshea shimo kidole, anajipiga tumbo. Nilichelewa kuelewa. Ni wanawe saba, waliingizwa humo kabla yetu na hawakutoka. Basi kila siku namgawia nusu ya kikombe changu. Mtu hunyimwa maji? Nyapara aliponiona alinichapa, na kesho yake nikampa tena. Unakijua kiburi changu.

Sasa sikia balaa lenyewe. Muda wangu umekwisha. Juzi nyapara aliniita ofisini, anachekacheka.

"Rafaeli, chombo kimefika. Unarudi kwenu."

Mwenzio nikaruka kama mwanambuzi. Karibu nimkumbatie yule mshenzi!

"Na mrithi wako ataletwa na chombo kijacho," akasema. "Jina lake Stefano."

Dada, pale Masasi karani alimwuliza kila mtu, nani mrithi wako? Mtani wangu Gaudensi, Mngoni wa Songea, akamtaja mwanawe anayenyonya, ndiyo desturi ya kwao. Nami nikamcheka! Nikajibu kifua mbele kwamba mrithi wangu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Ningesema nini kingine? Mmakonde gani amruke mpwa wake amtaje mwanawe? Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Kumbe imeandikwa humo kwamba mrithi anarithi na kazi. Watoto wadogo hawawachukui, kwa hiyo Gaudensi anakwenda zake na nyuma yake haitwi mtu. Stefano ni kijana wa mabega mapana. Nilimtaja kwa heshima, kumbe nimemuuza. Mjinga mimi!

Nikauliza, "Na nikibaki mimi?"

"Ukibaki, ni mkataba wa moja kwa moja. Huo hauna mrithi, na hauna kurudi."

Nilitoka nikakaa chini karibu na yule bibi. Akazipanga kokoto zake saba kama kawaida yake. Nikazitazama, nikalia mbele yake bila haya. Kisha nikarudi ofisini nikatia sahihi.

Chombo kinaondoka kesho. Gaudensi ataificha barua hii kiatuni. Nilikuwa niketi naye kiti kwa kiti, tutaniane mpaka nyumbani.

Dada, Stefano akijua, atakuja. Mimi ndiye niliyempeleka jandoni, namfahamu. Atasema mjomba haachwi shimoni, atatembea kwa miguu mpaka Masasi kujiandikisha. Kwa hiyo mwambie hivi: mjomba wako amelowea. Ameoa huko, ana nyumba ya bati, habari za Chilangala hataki hata kuzisikia. Useme kwa hasira ili aamini. Mama Danieli naye umwambie hivyo hivyo, aolewe akipenda. Hilo linaniuma kuliko fimbo za nyapara, lakini mwambie. Mikorosho yangu mpe Stefano. Huo ndio urithi niliokuwa nao moyoni siku ile mbele ya karani. Barua hii itie motoni chini ya chungu leo hii.

Ningependa kuwasalimu wote, nawe huwezi kuzifikisha salamu zangu, basi zipokee wewe peke yako: za mama mkubwa mpika togwa, za shemeji fundi baiskeli wa Mkomaindo, za Danieli wangu ambaye sasa bila shaka anatembea. Mshike kichwani kwa niaba yangu, usimwambie kwa nini.

Na Stefano akinitukana mbele ya watu, usimkataze.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja,
Rafaeli