Mkono Alioukalia Baba

Tangazo rasmi, Yordani: bingwa wa kuigiza watu bwenini, yaani mimi, amestaafu. Usicheke. Naandika kwenye fomu za telegramu alizorudi nazo baba.

Jumatatu, nikiwa likizo, kazini kwa baba stesheni ya Korogwe, nilimwigiza akigonga telegramu, mkono wa kulia ukitetemeka kama ninavyouona nyumbani. Makarani walicheka. Stesheni masta, Mzungu, hakucheka. Akauliza, "Anatetemeka tangu lini?"

Tangu lini! Kumbe mwaka mzima pale kazini baba amegonga kwa mkono wa kushoto, huku akiukalia mkono wa kulia usionekane.

Wakampeleka kwa daktari. Kasema umeme wa ubongoni unapotea njia kabla ya kufika mkononi, na hakuna dawa. Leo kaachishwa kazi.

"Nani aliwaambia, mwanangu?" baba kaniuliza.

"Ni mimi, baba. Nilikuwa nawachekesha."